Pointi Moja ya Bibi Verna

Bibi Verna Tjaden hakuvunjika hata ukucha siku alipoanguka jikoni kwake. Aliteleza, akakaa chini, akashindwa kuinuka, basi. Alilala pale sakafuni akisikiliza kuku wake wakidai chakula, mpaka mleta barua alipomsikia akiita. Lakini mwanawe Rodney, aliyeishi mbali, jijini Des Moines, na kuogopa kila kitu, alimtafutia mama yake chumba katika makao ya wazee. Pasaka ikipita, alisema, nyumba ya shamba itafungwa.

Verna alizaliwa katika nyumba ile. Wazo la kuiacha lilimuumiza kuliko anguko lenyewe, na hakumwambia mtu.

Ndiyo maana hakukosa Jumatano hata moja, siku ambayo wazee wa mji walikutana kanisani kunywa kahawa. Baada ya kahawa, wanamieleka wa chuo cha pale mjini walishuka kwenye chumba cha chini ya kanisa wamebeba magodoro yao ya mazoezi. Kocha wao aliwataka wajitolee mjini. Mwaka uliopita walipaka rangi uzio wa makaburi, wakapaka mpaka nyasi. Mwaka huu nahodha wao Trevin, pande la mtu lenye masikio yaliyovimba kwa mieleka, alikuja na wazo lake mwenyewe.

"Kupaka rangi hatujui, bibi zangu," aliwaambia wazee siku ya kwanza. "Ila kuanguka na kuinuka, hiyo ndiyo kazi yetu. Mimi nimeangushwa na watu wengi mpaka majina yao nimeyasahau."

"Na masikio hayo uliyanunua wapi?" Verna akamuuliza.

"Nilipewa bure, bibi. Ukichelewa mazoezini nitakugawia."

Wakaelewana tangu hapo. Vijana wale walikuwa wamefanya mazoezi tangu alfajiri, wengine wamejinyima chakula ili uzito usizidi kiwango cha mashindano, na keki za kanisani zinanukia pale mezani. Hakuna aliyewahi kumharakisha mzee. Walipiga magoti kando ya kila mmoja, wakamwonyesha tena na tena: geuka ubavu, panda magotini, tambaa mpaka kwenye kiti, tanguliza mguu mmoja, sukuma.

Trevin alikuwa na sheria moja tu: aliye chini hashikwi mkono. Kwenye mieleka, alisema, aliyelaliwa akijinasua akasimama, anapata pointi moja. Akiinuliwa na mtu, hana kitu.

Jumatano ya kabla ya Pasaka, Verna alimwita Rodney aje aone. Rodney alisimama mlangoni na koti lake, funguo za gari mkononi.

"Nikiinuka mwenyewe, nabaki kwangu," Verna alimwambia.

"Mama, haya si mashindano."

"Basi unaogopa nini?"

Rodney akakubali kwa shingo upande. Verna akalala kwenye godoro. Aligeuka ubavu, akapanda magotini, akatambaa, akakishika kiti. Alipotanguliza mguu na kusukuma, goti likakataa, naye akarudi chini kwa kishindo. Rodney alichomoka mlangoni. Trevin akasimama mbele yake.

"Samahani, baba. Ukimgusa, pointi inapotea."

"Huyo ni mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usubiri."

Kutoka pale chini Verna aliona kitu ambacho Rodney hakukiona. Trevin alikuwa ameficha mikono yake nyuma, ameikamata kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Kijana alitamani kumwinua kuliko mtu yeyote mle ndani. Verna akampenda sana wakati ule.

"Anza upya, bibi," Trevin alisema kwa upole. "Haraka ya nini? Kuku wameshakula."

Akaanza upya. Ubavu, magoti, kiti, mguu. Safari hii goti likakubali. Alipokuwa wima, Trevin akanyoosha kidole kimoja juu kama mwamuzi, na wenzake wakayapiga magodoro kwa viganja.

Rodney alizitia funguo za gari mfukoni.

"Jumamosi nitakuja shambani kukufungia vyuma vya kushikia bafuni," alisema.

"Njoo uvifunge. Ila kwanza vua koti, ulale hapo."

"Mimi?"

"Unakaribia sitini na unaishi peke yako. Wewe nani atakusikia?"

Rodney aliona haya, lakini akalala. Alipofika magotini akakwama, uso umemwiva, akanyoosha mkono kwa mama yake. Verna aliutazama ule mkono. Kisha akaweka mikono yake nyuma, akaikamata kwa nguvu, akasubiri.