Upande wa Bandeji

Kabla ya alfajiri nilisikia brashi ikisugua kitu ndani ya beseni. Saa hizo nyumba yetu huwa na sauti moja tu, ya jokofu kuukuu linalotetemeka kidogo kisha kunyamaza. Mwanangu wa kike alikuwa bado zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, na mimi sikuwa nimeloweka nguo. Nikavaa kandambili, nikaifuata sauti hadi bafuni.

Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa, mikono ya gauni la kulalia ameikunja hadi kwenye viwiko. Alikuwa anausugua mpira. Ule mpira wake wa softiboli, mkubwa kuliko ngumi ya mwanamume, wa ngozi ya njano yenye mshono mwekundu. Maji yalikuwa yamegeuka kijivu. Alisugua sehemu moja tu, akauinua kwenye mwanga wa taa, akautazama, akarudia tena.

"Doa halitoki, Bibi," alisema bila kugeuka. "Sabuni hailitoi."

Niligeuza ndoo kifudifudi, nikaikalia kando yake. Doa lenyewe sikuliona. Labda ni macho yangu, au labda lilikwisha kutoka zamani, akabaki yeye peke yake wa kuliona. Nilichukua taulo nikamkausha vidole kimoja baada ya kingine, kama nilivyomfanyia alipokuwa mdogo. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Vidole alinipa, lakini mpira aliukumbatia kifuani, ukimlowesha gauni.

Kila Jumamosi watoto wa mitaa yetu huchezea kwenye uwanja wa shule, nyuma ya matangi ya maji. Wavulana wana besiboli yao upande mmoja, wasichana wana softiboli upande wa pili. Vifaa ni vya kuazimana: magongo yaliyobanduka rangi, glavu zilizokaa mikononi mwa watoto wengi hadi zikalainika kama mashavu, na helmeti ambazo mtoto mmoja akivua mwenzake anavaa zikiwa bado na joto. Kocha wa wasichana ni mama wa posta. Hufika na sare yake ya kazi chini ya fulana ya timu, amechoka, lakini kila mtoto humsalimu kwa jina.

Mjukuu wangu ndiye alikuwa mrushaji. Katika mchezo huu mrushaji huzungusha mkono wote kama gurudumu na kuuachia mpira chini, karibu na kiuno, nao wa kwake ulitoka kwa kasi hata yule anayeudaka alizoea kuvua glavu na kupuliza kiganja. Wenzake walimpachika jina la Manati. Alilipenda jina hilo. Nilimsikia akilitamka peke yake akichana nywele.

Jumamosi moja walicheza na wasichana wa mtaa wa pili. Kulikuwa na mmoja mwembamba, mdomo haupumziki, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Wao walimwita Cheche. Mpira wa kwanza wa mjukuu wangu aliupiga ukaenda kugonga ukuta wa matangi. Alipokuwa anakimbia alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Kumbe manati yenyewe imelegea." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Zamu yake iliporudi, akasimama na gongo lake, mpira ukampata chini ya jicho.

Mlio wake sitaueleza. Ninachopenda kukumbuka ni watu. Muuza soda alikuja mbio na ndoo yake yote ya barafu, na nadhani siku ile aliuza soda za moto hadi jioni. Kocha wetu alipiga magoti kwenye vumbi, akavua fulana yake akaikunja ikawa mto. Mdakaji wao, ambaye angekuwa na haki ya kututukana, alimwokotea mjukuu wangu glavu na kumvika mkoba begani, maana yeye alikuwa amesimama palepale, mikono inaning'inia. Na mpira sijui ni nani aliyeutia mle mkobani.

Tangu siku hiyo mjukuu wangu hakurudi uwanjani. Hakuna aliyemwita tena Manati. Kocha alikuja, akakaa jikoni kwetu, akasema, "Helmeti zetu hazina nondo za kufunika uso. Nilikuwa nimeziomba, sikufuatilia. Kama kuna lawama, ianzie kwangu, isianzie kwa mtoto. Ilikuwa bahati mbaya." Mtoto alisema asante, akaenda kulala jua likiwa bado linawaka.

Jicho la mwenzake lilifungwa bandeji. Daktari alisema hawezi kusema lolote mpaka lifunguliwe. Mwanangu alipeleka matunda kwa mkono wa Kocha. "Inatosha, Mama," aliniambia. "Tukienda wenyewe tutaonekana tunakiri kosa. Na baba yake nasikia ni mtu wa hasira."

Sasa tulikuwa bafuni, mimi na mjukuu wangu, na beseni kati yetu.

"Wote wanasema bahati mbaya," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Haikuwa bahati mbaya, Bibi. Nilitaka kumtisha. Alikuwa amesogea karibu sana na kibao cha mpigaji, halafu alikuwa amenicheka. Nikalenga karibu na bega lake ili arudi nyuma. Wakubwa wanafanya hivyo, nimewaona. Haukwenda begani."

Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa, usimwambie mtu. Mimi ni bibi yake. Neno hilo lilikuja lenyewe, limevaa nguo za mapenzi. Nilikaa nalo kidogo. Kisha nilimtazama mtoto aliyekuwa akiosha mpira wakati watoto wote wamelala, nikalimeza.

"Ukitaka kwenda kumwona," nilimwambia, "nitakwenda nawe."

"Mama atakataa."

"Mama yako niachie mimi. Yeye naye ana mama."

Mwanangu alirudi kulipokucha, unga bado umemganda kwenye nyusi. Alinisikiliza akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Na wakitushtaki?"

"Watatukuta papa hapa nyumbani."

Alimtazama binti yake. Sijui aliona nini, lakini aliweka kiatu chini, akachukua mkate aliotuletea kwa ajili ya chai yetu, bado una uvuguvugu, akaufunga kwenye kitambaa safi. "Msiende mikono mitupu," alisema. Chai tulikunywa kavu, na hakuna aliyelalamika.

Karakana ya fundi iko chini ya chumba wanachoishi. Tulimkuta ameinama, ngao ya uso ameishusha, mwanga wa bluu unapasuka mbele yake. Tulisubiri mlangoni hadi mwanga ulipozimika. Aliinua ngao. Alikuwa na uso mpana, usio na usingizi.

"Shikamoo," mjukuu wangu alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Fundi alimwangalia kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. "Marahaba," alisema mwishowe. "Wewe ndiye mrushaji."

"Ndiyo."

Juu ya benchi lake palikuwa na helmeti, moja ya zile za watoto, naijua kwa mkwaruzo wake. Mbele yake alikuwa ameunga nondo nyembamba, zimepindwa vizuri kufuata umbo la uso, na ncha zake amezifunika kwa mpira laini. Gunia lililokuwa miguuni mwake lilijaa helmeti nyingine. Za timu yao na za timu yetu pia.

"Mimi mashine hii siiwashi bila kufunika uso," alisema, akizungumza na helmeti zaidi kuliko na sisi. "Hata nikiunga kipande kidogo namna hii. Mwanangu nikamvalisha helmeti iliyo wazi, nikakaa kwenye benchi nikampigia makofi." Alishusha ngao yake haraka. Sauti ikatokea nyuma ya kioo cheusi. "Yuko juu. Ngazi zina giza, mshike bibi yako mkono."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Cheche alikuwa ameegemea ukuta kitandani, bandeji imemfunika upande wa kushoto toka kwenye nywele hadi shavuni. Alipotuona hakutabasamu.

"Aa," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kaa huku. Huko sikuoni." Alionyesha kiti cha upande wa kulia.

Mimi nilikaa karibu na mlango, nikaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wangu. Hakukuwa na kitu nilichohitaji, lakini nilikitafuta kwa bidii.

"Unaumwa?" mjukuu wangu aliuliza.

"Nikicheka tu. Kwa hiyo usinichekeshe."

"Mimi siwezi kuchekesha."

"Hilo najua."

Kisha Cheche akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelibeba swali siku nyingi na sasa analiweka chini pole pole lisivunjike: "Ulikusudia?"

Chini, mashine ilikuwa imenyamaza.

"Nilikusudia kukutisha," mjukuu wangu alisema. "Nililenga karibu na bega, ili urudi nyuma. Kukupiga sikukusudia. Lakini kukutisha nilikusudia."

Cheche aligeuza uso kuelekea dirishani. Nilidhani atatuambia tuondoke, na angekuwa na haki. Nilikwisha kushika mkanda wa mfuko wangu.

"Kila mtu anasema bahati mbaya," alisema akiwa bado ameelekea dirishani. "Kocha wangu, kocha wako, mpaka muuguzi. Baba anasema ni helmeti. Lakini mimi nilikuwa pale. Niliuona ulivyotoka mkononi mwako. Nikasema, huu hauendi kwenye kibao. Halafu kila nikiwaambia wananipapasa kichwa. Nikafikiri labda nimeanza kuchanganyikiwa."

"Hujachanganyikiwa."

"Basi." Alivuta pumzi. "Nina hasira na wewe."

"Ndiyo."

"Sijui zitaisha lini."

"Ndiyo."

"Acha kusema ndiyo, ndiyo, kama unaitwa majina darasani."

Mjukuu wangu aliinamisha kichwa. Kisha akatoa kwenye mkoba kile kitu kilichofungwa kwenye taulo, akakiweka kwenye shuka. "Nimekuletea. Hata sijui kwa nini."

Cheche alifungua taulo. Aliuinua mpira, akaubonyeza, akaunusa. "Mbona mzito?"

"Niliuosha."

"Kwa kitu gani, kwa maji?"

"Maji na sabuni ya kufulia."

"Halafu ukaubana na vibanio ukauanika kwenye kamba?" Pembe ya mdomo wake ilipanda, akalishika shavu mara moja. "Uu. Si nimekwambia usinichekeshe? Mpira wa ngozi hauoshwi, wewe. Umeshakufa huu. Hata ungeurusha wewe usingefika."

"Mimi sirushi tena."

Cheche aliuweka mpira kwenye shuka na kuusukuma kwa kidole. Mjukuu wangu aliuona unakuja, akarudisha mkono nyuma kama aliyeona makaa, mpira ukaanguka, ukaviringika sakafuni mpaka ukaufikia mguu wangu. Niliurudisha kwa ncha ya kandambili.

"Nirudishie," Cheche alisema. Aliketi vizuri, akashusha miguu chini, akaweka mkono karibu na sakafu. "Uviringishe tu. Hapo chini."

Mjukuu wangu alipiga magoti. Aliuviringisha, na mpira ukaenda taratibu ukipiga mshono wake sakafuni. Cheche alifumba mkono. Alifumba hewa. Mpira ulipita kando ya vidole vyake, karibu sana, ukagonga mguu wa kitanda.

Cheche aliutazama mkono wake, kisha akautazama mpira, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Mtoto aliyeupeleka mpira wa Manati hadi ukutani alikuwa ameukosa ukiviringika.

Moyo wangu uliomba mjukuu wangu asilie, maana kilio chake wakati huo kingemtwisha mwenzake kazi ya kumbembeleza. Hakulia. Alitambaa, akauchukua mpira, akarudi mahali pake, akasogea karibu kidogo.

"Sasa unakuja," alisema. "Unakuja kulia kwako. Bado. Bado. Sasa."

Mkono ulifumba. Mpira ulikuwa ndani yake.

Waliendelea hivyo. Ule mkono niliouona mara nyingi ukizunguka kama gurudumu, leo ulitembea sakafuni polepole kama wa mtu anayepapasa shuka ya mtoto mchanga. Mara nyingine Cheche aliudaka, mara nyingine aliukosa, na kila alipoukosa mwenzake alikwenda kuuchukua bila kumtazama usoni. Chini mashine ilianza tena kuunguruma. Nilimkatia Cheche kipande cha mkate, akakitafuna kwa upande mmoja, akasema mkate wetu una chumvi nzuri.

Tulipoaga, mjukuu wangu alitaka kuchukua mpira. Cheche aliuvuta na kuuweka nyuma ya mto. "Huu unabaki."

Tulikuwa tumefika kwenye ngazi, nimeshika mkono wa mjukuu wangu gizani, tuliposikia anaita.

"Manati."

Mkono niliokuwa nimeushika ulishtuka. Tulirudi mlangoni. Cheche alikuwa ameegemea ukuta kama tulivyomkuta, ila sasa uso wake wote ulituelekea sisi, upande uliofungwa na ulio wazi.

"Alhamisi muuguzi anakuja kunifungua," alisema. "Njoo tena siku hiyo."

"Nitakuja."

"Lakini usikae pale." Alinyoosha mkono wa kushoto, akapiga kitanda taratibu, upande ule wa bandeji. "Siku hiyo uje ukae huku."