Wafalme wa Falls Church

Mjumbe wa majenerali wa Burma aliingia sebuleni kajikunja kiuno, kichwa chini ya vichwa vya wazee wenye nyumba, kama desturi ya kwao inavyotaka mtu apitapo mbele ya wakubwa. Alijikunja vizuri mno. Nilimchukia papo hapo.

Mimi sikuwahi kuwainamia wazee wale. Nilipanga chumba cha chini nyumbani kwao, katika mji wa Falls Church, ughaibuni, mwaka 1997, na nilipita mbele yao wima kama mlingoti. Walikuwa wa ukoo wa wafalme wa Washan, huko Burma. Wajukuu zao walitambaa zuliani wakiwaamkia. Mimi, mwana wa Unguja niliyejifundisha vina na mizani bila mwalimu, niliwaita Mzee na Mama, basi. Mzee aliandika vitabu kuhusu ikulu ya baba yake, ambayo wanajeshi waliibomoa. Mama alitunga kamusi ya lugha yao.

"Mshairi mzima unapikiwa na malkia!" rafiki yangu Nassor alinitania.

"Malkia wa nini? Wa jiko la umeme?"

Siku ile nilikuwa nimeleta chai. Mjumbe alisema kwa Kiingereza laini kwamba dada yake Mama, aliyebaki kwao, yu mahututi. Viza ya kwenda kumwona ipo. Mzee atamke tu mbele ya kamera kwamba ikulu ilibomolewa kwa ridhaa ya ukoo.

Mzee alimtazama mkewe. "Ni maneno tu," akasema.

Vitabu vyote vile! Karibu nimtemee mate.

"Maneno tu?" Mama aliuliza. "Bwana, sisi tumeishi kwa nini miaka yote hii?" Kisha akamgeukia mgeni. "Maliza chai yako, uende."

Akaondoka kajikunja vilevile, shetani yule.

Majira ya baridi simu ililia tukiwa mezani. Mama alisikiliza, akajibu neno moja, akaiweka chini.

"Nani?" Mzee aliuliza.

"Wamekosea namba." Akamsogezea Mzee sukari.

Jumamosi aliniomba nimpeleke Silver Spring, kwa watawa wao wa Kibudha. Ndipo, garini, aliponiambia kuwa dada yake amekufa.

"Na Mzee hajui?"

"Alikuwa tayari kumuuza baba yake kwa ajili yangu," alisema. "Nimwambie nini?"

Aliwapa watawa wali kwa jina la marehemu, tukarudi.

Mzee alitufungulia mlango. "Mlikuwa wapi kwenye baridi hii?"

"Sokoni," nikasema, kabla Mama hajafumbua mdomo.