Spana ya Kumi na Saba

Miaka sita Harun alitengeneza viyoyozi vya watu Doha, na kila alipobakiwa na chochote alinunua zana. Si za kampuni, zake mwenyewe: spana, bisibisi, koleo, hata spana malaya ya Kijerumani, ile inayobana nati za saizi yoyote, aliyoitamani mwaka mzima. Kwao Kitale kulikuwa na kibanda cha ufundi kilichokwisha kuezekwa, kikisubiri hizo zana tu. Sasa mkataba umekwisha, anaondoka wiki ijayo, na sheria ya stoo jamani haikuwa na huruma: anayeondoka hukaguliwa mkoba, na chuma kisicho na jina la mtu ni cha kampuni.

Basi Ijumaa ile, mifupa ikimuuma kwa kazi za mapaani kule Al Thumama, badala ya kulala akaketi sakafuni chumbani kwao Abu Hamour. Alipaka spana rangi ya kucha, akaiacha ikauke, akaandika jina juu yake kwa sindano mpaka chuma kikaonekana. Waya chanya wa chaja kuukuu ya modemu akaubana kwenye spana. Ule hasi akauviringishia pamba iliyolowa maji ya chumvi, akawa anaigusisha kwenye herufi. Pamba ilitoa povu, ikageuka kijani kichafu, na umeme ukala chuma pale tu palipokwanguliwa. Akifuta rangi, HARUN amebaki mle mle, hatoki.

Mussa, dereva wa Tanga aliyelala kitanda cha juu, alimtania kwamba rangi ile ingemfaa zaidi bibi harusi, kisha akageukia ukutani akakoroma. Harun hakuwa na nguvu hata ya kucheka. Aliandika, akagusisha, akafuta, akaandika tena, macho yakijifumba yenyewe. Uchovu una mabavu, haumwombi mtu ruhusa.

Alipodhani amemaliza, chini ya mkoba akaikuta spana yake ya saizi kumi na saba, safi, haina alama. Na kwenye safu ya zilizoandikwa ipo nyingine ya kumi na saba, pacha wake. Hiyo aliyoiandika jina ilikuwa ya stoo. Alirudi nayo jana mfukoni mwa ovaroli, akasahau.

Mussa alipoamka alimshauri aitupe jalalani, nani atajua? Harun akakataa. Hakuwahi kuiba hata skrubu, hangeanza wiki ya mwisho. Kuipiga tupa ili jina lifutike nako kungeacha kovu, na anayekwangua alama ndiye huitwa mwizi.

Asubuhi akaipeleka stoo, na mkoba mzima begani, kwa Omondi, mtunza stoo na Mkenya mwenzake, akamweleza yote bila kuficha. Omondi alisikiliza huku akisugua macho. Naye alikuwa kazini tangu alfajiri. Akaomba aone na zile nyingine. Akazipanga mezani moja moja, zote HARUN.

"Ndugu yangu, nakuamini," alisema. "Lakini hii ni ya kampuni na ina jina lako. Bosi akiniuliza hizi nyingine ni za nani, nimwambie nini?"

Iliuma. Harun aliona kwamba jina lake halikuthibitisha tena kitu. Hata yeye, angekuwa upande ule wa meza, angeuliza hivyo hivyo. Akaziacha zana zote mezani, akaomba arudishiwe mkoba tu, akatoka nao mtupu.