Maziwa ya Mwezi wa Tano

Mzee Simeon, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa, alinipigia simu akaniambia nisianze kupima kesho yake mpaka yeye afike. Alikuwa anaongea kama mtu aliyezungukwa na watu. Nikajua kuna neno.

Kazi yangu ni mizani. Mkulima analeta mtungi, namimina maziwa kwa ndoo ya chuma inayoning'inia, mshale unatulia, nataja kilo kwa sauti, naandika. Miaka minne sasa, hapa Kapseret, kila asubuhi saa kumi na mbili. Shule niliachia darasa la nane na sijawahi kuficha. Mtu wa mizani hahitaji cheti kikubwa, anahitaji kuaminiwa. Siku wakulima wakisema unapika namba, umekwisha, hata kama ulizaliwa kati yao.

Asubuhi hiyo Mzee alinieleza akiangalia chini. Ati huko chuo kikuu wamegundua hesabu za kituo chetu ni za uongo. Mpimaji alichoka, akawa anajaza tu. Nikamuuliza nani amesema hivyo. Akasema ni Muchiri.

Muchiri ni jirani yetu wa Yamumbi. Anasoma digrii ya pili, ile wanaita masters, ya hesabu na takwimu. Mwaka jana alikuja kituoni na barua ya mwalimu wake. Alitaka kujua maziwa hupanda na kushuka namna gani mvua ikija na ikienda, ndiyo atengeneze fomula ya kumwambia mkulima mapema. Nilifurahi. Nilimchagulia wakulima thelathini wasiobadilisha kituo, nikachora mistari kwa vitabu vya kazi yake peke yake, na kila siku nikimaliza kupima nilikaa nikaandika mara ya pili kwa ajili yake. Januari mpaka Machi alikuwa anakuja kupiga kurasa picha. Halafu akapotea. Mimi nikaendelea kuandika, maana alikuwa amesema mwaka mzima, na nikisema nitafanya, nafanya.

Sasa ndiye huyo anasema nilichoka.

Maneno huchacha haraka kuliko maziwa. Siku ya pili Mama Jerop, ambaye ana ng'ombe mmoja tu na hajawahi kunisumbua, aliomba apimiwe mara mbili. Kesho yake wakawa sita. Hawakunitukana. Walikuwa wanasogea, wanainama kando yangu, wanasoma mshale wenyewe, halafu wanaondoka bila kuniangalia machoni. Githinji mwenye duka akaniuliza kama namba za leo nimezipika na mafuta ama na maji. Watu wakacheka. Nikaandika kilo zake, kumi na mbili na nusu, kwa mwandiko mzuri kabisa, na kalamu karibu itoboe karatasi.

Sikumpigia Muchiri simu. Nilingoja. Nilijua lazima kuna mtu atataka kuviona vitabu.

Alhamisi, foleni ya maziwa haijaisha, gari likasimama nje. Alishuka mama mmoja wa nywele fupi, Dokta Akello, mwalimu anayesimamia kazi ya Muchiri. Muchiri akashuka nyuma yake na hakunisalimia. Dokta alinipa mkono, akasema hakuja kugombana. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua: namba za miezi mitatu ya kwanza na za miezi iliyofuata zilionekana kama za watu wawili tofauti. Aliomba vitabu, akaambiwa vilinyeshewa vikaoza. Ndiyo akaamua kuja mwenyewe.

"Vilioza lini?" nikamuuliza Muchiri.

"Waiyego, hebu tuongee kando."

"Tuongee hapa."

Dokta alinipa karatasi zilizotoka kwa kompyuta. Nilisoma polepole, sina haraka ya kusoma. Nikafika kwa jina la Mama Jerop, mwezi wa nne. Saba pointi tatu. Sita pointi nane. Saba pointi moja. Nikamwita Dokta karibu na mizani, nikamwonyesha uso wa mizani, pale mshale unapozunguka. Kuna mistari ya kilo na mistari ya nusu kilo, basi.

"Huu mshale ukinipa saba naandika saba, ukinipa saba na nusu naandika hivyo," nikamwambia. "Sasa hiyo pointi tatu niliitoa wapi?"

Dokta aliinama akaangalia. Nikafungua sanduku la bati chini ya meza, nikatoa vitabu vyote vinne, vikavu kama mahindi ya ghalani. Akakaa juu ya kreti akaanza kulinganisha. Mpaka Machi, kitabu na karatasi vilikuwa sawa. Kutoka Aprili hakuna ukurasa hata mmoja uliopatana. Alipofika mwezi wa tano akaweka kidole. Kwa kitabu changu, mstari wa Mama Jerop ulikuwa mtupu mwezi wote. Kwa karatasi ya Muchiri alileta kilo saba na kitu kila siku, Jumapili pamoja.

Mama Jerop alikuwa bado amesimama pale na mtungi wake. Nikamuuliza mbele ya wote, mwezi wa tano alileta kilo ngapi.

"Nilete za nani? Ng'ombe alikuwa amekauka, ana mimba," akasema. Kisha akamwangalia Muchiri kutoka viatu mpaka kichwa. "Kumbe wewe ulikuwa unanikamulia na kalamu."

Watu walicheka mpaka Mzee Simeon akatoka ofisini. Mimi sikucheka.

Muchiri alianza kujieleza. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha mjini, muda ukamwishia, na namba zangu zilikuwa zinarudiarudia, saba, saba, saba na nusu, saba, mpaka fomula yake ikakataa.

"Ng'ombe ni yule yule na nyasi ni ile ile," nikamwambia. "Ulitaka abadilishe maziwa kama nguo?"

Dokta aligeuza karatasi za Muchiri mpaka karibu na mwisho, akaniuliza kama nimewahi kuonyeshwa hapo. Ilikuwa Kiingereza. Akaniambia kwa Kiswahili: upungufu wa utafiti huu ni kwamba mpimaji ana elimu ya msingi tu, kwa hivyo makosa yalitarajiwa.

Nilimwomba arudie. Akarudia kwa sauti ya chini. Huyu Muchiri alikunywa chai yangu hapa. Alipokosa namba akatunga, na alipotunga vibaya akachukua darasa langu la nane akajifunika nalo. Tena aliandika hiyo sentensi kabla hata hajaulizwa.

Dokta alisema mwaka huu Muchiri hatatahiniwa. Ataanza upya kutoka kwa vitabu vyangu, ukurasa kwa ukurasa, na akitunga tena hata namba moja, yeye mwenyewe atampeleka mbele ya kamati ya chuo.

Jumamosi Muchiri alikuja kuvichukua. Nikamwambia vitabu havitoki hapa, atanakili akiwa hapa, na kabla ya kufungua hata kimoja awaambie watu wa foleni alichofanya. Mzee Simeon akasema yaishe.

"Mzee, nilipokuwa nachafuliwa hukusema yaishe," nikamjibu.

Muchiri akakohoa, akasema kulikuwa na tatizo kidogo la data.

"Sema kile ulifanya."

"Nilitunga namba," akasema. "Waiyego hakutunga."

Walipofika wengine nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu asubuhi hiyo, uso umemwiva.

Alinakili kwa Jumamosi nne, juu ya kreti, bila chai. Siku ya mwisho alifunga kitabu cha nne, akaniambia ataandika jina langu mwanzoni mwa kazi yake, pale watu hushukuriwa. Alisema akitabasamu, kama mtu anayeleta zawadi.

Wakati huo Githinji alikuwa ameinama mbele ya mizani, bado anausoma mshale mwenyewe kabla sijataja kilo zake.

"Jina langu usilipeleke chuo," nikamwambia Muchiri. "Lirudishe kwa huyu."