Macho ya Anayesuka Akitembea

Huku kwetu Mukuyuni mwanamke hangoji kuketi ndipo asuke kiondo, kikapu chetu. Anasuka akienda kisimani, akienda sokoni, akienda kanisani, nyuzi za katani zikining'inia. Kwa miaka mingi nilitembea na wenzangu nikiwatazama macho. Anayesuka pambo ambalo mikono imelizoea hupepesa macho kama kawaida, akaona mbuzi, akasalimia watu. Anayehesabu nyuzi kichwani huyakaza mbele. Hapepesi, na jiwe lililo njiani haoni mpaka alipige teke.

Nilimwambia hayo rafiki yangu Mutindi, yakawa utani wetu.

"Kalunde, macho yamekauka! Umepotelea wapi?" alikuwa akiniuliza, nasi tukicheka hadi kisimani.

Mwaka wa 1979 nilibuni pambo la milia inayopanda, halafu inageuka katikati bila uzi kukatwa. Lilinichukua kiangazi chote. Nilimwonyesha Mutindi peke yake. Aliniomba nirudie, nikarudia, kisha akasema, "Hii ni ngumu, dada. Mimi siwezi."

Baada ya mvua, kikundi cha akina mama kanisani kilitafuta mwalimu wa kusuka. Nilipeleka kiondo changu. Mutindi alileta chake, pambo ni lile lile. Akasema alifundishwa na nyanya yake kule Tseikuru, kabla hajaolewa.

Sikumwita mwongo. Nilifikiri ameteleza tu, na akipewa nafasi atajirudi. Nikamwomba Mama Bilha, mwenyekiti wetu, atupime: tutembee kutoka kanisani hadi kwenye kinu cha unga, kila mmoja akisuka pambo hilo. Mwenye pambo hatahitaji kufikiri, na macho yake yataonyesha.

"Sawa kabisa," Mutindi akasema upesi.

Mama Bilha alitutangulia akitembea kinyumenyume ili atuone vizuri. Wanawake walifuata wakipiga kelele.

"Mwenyekiti, shimo! Usituachie kikundi bila kiongozi!"

Mutindi alifika mahali pa kugeuza uzi. Nilimtarajia akwame hapo. Badala yake alimgeukia Musyoka, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli kando ya njia.

"Musyoka, mke amejifungua?"

"Msichana!"

"Basi chinja kuku, tunakuja!"

Macho yalikuwa yanapepesa, vidole vinageuza uzi.

Pambo lile halizoeleki kwa wiki moja. Lazima alianza jioni ile ile aliyoniambia hawezi. Miezi yote hiyo, tukiwa pamoja njiani, alisuka vyondo vya kawaida, na kile cha pambo langu akakiacha nyumbani. Nilikuwa nimemtazama kila asubuhi. Nikaanza kukumbuka asubuhi hizo, moja baada ya nyingine.

Dole gumba la mguu likagonga jiwe. Nilianguka kwa magoti, nyuzi zikafumuka.

Mama Bilha alisimama. Hakufurahi kusema aliyoyasema. "Kalunde, tangu pale kwa Musyoka hujapepesa macho. Kipimo umetupa wewe mwenyewe."

Nilikuwa nikifikiri kweli, lakini si habari za nyuzi.

Mutindi ndiye aliyeniinua. Alinipangusa vumbi kwenye leso. "Pole, dada," akasema, bila kunitazama.

Jumanne iliyofuata niliketi na wanafunzi wengine. Mutindi alipita kwenye viti akikagua kazi, akafika kwangu, akashika kidole changu.

"Hapa," akasema, wenzangu wakisikia, "ndipo unapogeuza."

Nikageuza.