Bano Moja Lililosahauliwa

Asubuhi karani wa ofisi ya maji alipangusa vumbi kwenye kompyuta, akawasha seva, akaanza kuandika ukurasa wake wa kwanza wa wavuti kwa Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kaka yake ndiye aliyemsifia lugha hiyo: unarekebisha ukurasa huku watu wanausoma, bila kuzima chochote. Sharti lake ni kwamba kila bano unalolifungua ulifunge. Karani alicheka. Sharti gani hilo, hata mtoto wa chekechea analiweza.

Ukurasa ulikuwa mfupi: salamu kwa wateja, kisha ratiba ya maji ya kila mtaa. Alipofika mtaa wa mama yake, ambako maji hutoka kidogo alfajiri yakakatika, simu ya mezani ililia, akasahau kufunga bano. Kompyuta haikulalamika. Ilikaa kimya, ikingoja amalize.

Basi mambo yakawa hayaishi. Birika la chai halikuisha, na mhudumu akaendelea kumimina. Mhasibu alianza kupiga mwayo, akaupiga mpaka adhuhuri, huku akijumlisha hesabu zake kama kawaida. Mama naye akapiga simu.

"Mwanangu, maji leo hayajakatika! Nimefua mapazia, nikafua na ya jirani, na wala hatusemezani."

Karani aliitazama kompyuta, akaliona kosa lake pale pale. Akaliacha. Roho yake ilikuwa kwatu.

Mkuu wa ofisi alikuja jasho likimtoka. Mkewe alikuwa amempigia kumwambia kwamba bwawa lao la kuogelea limekauka. Hapo ofisi nzima ikajua maji ya mtaa ule yalikuwa yakielekezwa wapi miaka yote. Mhudumu akammiminia mkuu chai.

"Funga bano, dada yangu," mkuu alisema kwa upole, akiliona kosa kwenye kompyuta. "Wateja wanausubiri ukurasa."

"Nikifunga, bosi, kwa mama kunakauka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuomba ufunge."

Karani alikuwa na kodi ya nyumba na kazi moja tu. Akafunga. Ukurasa ukafunguka, mzuri hasa, na mwayo wa mhasibu ukafika mwisho. Simu ikalia tena.

"Yamekatika," mama alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nilikosea, nikaambiwa nisahihishe."

"Haya. Wanasema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Mama alicheka. "Wewe kesho rudia, mwanangu. Mimi naenda kuazima mapipa."