Nyota Iliyofia Katwe

Siku ile mjinga alikuwa Kamis, na mwenyewe hakatai. Anachoomba tu ni kwamba mkimcheka, mkumbuke ni nani aliyezisubu sufuria mnazopikia.

Nyota aliinunua Jumatatu kwa kilo, ndani ya gunia la vyuma chakavu. Ilikuwa ndogo kama fenesi changa. Akaitia kwenye tanuri lake la kuyeyushia vyuma huko Katwe, akaendelea na kazi. Nyota ikasema ina njaa. Zahara, mkewe, akaisogezea mvuke wa birika, kwa kuwa ilikula vitu vyepesi tu: ilivibana tumboni, vikatoka vizito. Jumanne ilitema makaa, Zahara akachemshia chai. Jumatano mchanga. Alhamisi ilitema chuma, na mafundi wote wa mtaa wakapanga foleni na matoroli.

Baada ya chuma ikaanza kupoa, na Kamis alikuwa anangoja dhahabu. Mheshimiwa Byron wa Bugolobi, mtaa wa matajiri, alikuwa ameuchukua uwanja wa karakana, pamoja na chumba chao cha nyuma, ajenge maegesho ya magari. Barua yake ilisema watoke Ijumaa, wasiache kitu. Kwa mdomo alisema dhahabu ya ukubwa wa ngumi ingemsahaulisha barua.

Nyota ilimweleza taratibu, kama mwalimu wa madrasa, kwamba nguvu zake hukomea kwenye chuma. Dhahabu hutoka nyota ikifa. Wazee wake wa mwanzo, kabla ya dunia kuwako, walikuwa wakubwa na walafi, wakafa mapema. Huenda hata pete ya Zahara ni masalia ya mmoja wao.

"Usinilishe chuma, fundi," ikasema. "Chuma sikili. Chenyewe kitanila."

Lakini Kamis ana miaka thelathini mbele ya moto, na moto ukilegea huongezwa. Akatia ekseli nzima ya lori, akawasha na feni.

Ijumaa saa saba mchana nyota ilijikunja, ikalipuka. Msikitini imamu alikatiza hotuba, akasubiri, akaendelea. Dhahabu ikapaa, ikanyesha Bugolobi juu ya paa moja tu, la Byron. Watumishi wake waliifagia hadi alasiri. Katwe iliangukiwa na masizi, na Kamis akabaki hana nyusi. Ndani ya tanuri nyota ilikuwa imebaki punje moja nyeusi, ndogo kuliko shanga ya tasbihi.

Saa kumi na moja Afande Ogwal wa polisi alikuja na barua ileile. Kamis akamwambia Mheshimiwa ameshapata dhahabu yake. Ogwal akasema hilo aliliuliza, akajibiwa kwamba ile ilitoka kwa Mungu. Ya Kamis bado haijaonekana. Wakabishana mpaka afande akachoka.

"Mzee, toka tu. Imeandikwa usiache kitu. Hata hiyo shanga, beba."

Akainama aiokote mwenyewe. Alijaribu kwa vidole, kwa mikono miwili, kisha na askari wanne na mnyororo wa kuvutia magari. Mnyororo ukakatika. Ogwal akapangusa jasho, akamwambia Kamis tena kwamba mzigo ni wake, auondoe.

Zahara alikuwa ameshajitwika godoro.

"Afande, kwetu anayerithi ndiye anayezika," alisema. "Mheshimiwa amesharithi. Mwambie maiti wake yuko hapa, aje ambebe."